Kware wa Ngagara

Nilipojiandikisha kwa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha Ulaya, mpango ulikuwa rahisi. Miezi ya baridi yao ningekaa kule nikisoma, na miezi mingine ningekuwa kwetu, kwenye nyasi za bonde la Rusizi, nikinasa kware, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia, ili tujue wanatoka wapi na wanaelekea wapi mvua zinapohama. Kware ni ndege wa kuwindwa. Watu wengi wanamjua kwenye sahani, au kanisani, pale anapowashukia Waisraeli jangwani kama kitoweo kilichotumwa kutoka juu. Wachache wanajua kwamba kiumbe huyu mnene, anayependa kukimbia kuliko kuruka, msimu ukigeuka huinuka na kuvuka nchi nzima bila kumuaga mtu.

Vita vilinikuta nyumbani Bujumbura, likizoni. Ndege za abiria zikapungua, kisha nchi jirani zikatufungia mipaka kwa vikwazo, na bonde la Rusizi likawa mahali ambapo mtu mwenye darubini na wavu haulizwi jina lake kwanza. Hata hivyo nilikwenda kuomba kibali. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole sana. Alisoma ombi langu lote, akavua miwani.

"Unataka kujua wanakopita kuvuka mpaka."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Na ukishajua, utamwambia nani?"

Nilisema nitachapisha, ili kila mtu ajue. Alifunga faili kwa huruma, kama daktari anayemfunika mgonjwa shuka, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Profesa wangu, mzungu mwenye subira, alinitumia faksi kupitia ofisi ya simu: kama huwezi kuwafuata kware bondeni, walete nyumbani. Ndege anayehama, hata ukimfungia, msimu wake ukifika hatulii. Huruka-ruka kizimbani akielekea kule ambako angekwenda kama angekuwa huru. Ukiweza kuona nyayo zake, umeona safari yake. Profesa alichora na kizimba chenyewe: cha duara, juu wavu tu ili ndege waone anga, sakafu yenye pedi ya wino, na ukuta wa karatasi nyeupe.

Basi nikanunua kware sokoni kwa akina mama wa Gatumba, waliokuwa wakiwauza wazima, wamefungwa miguu kwa kamba kama vitunguu. Fundi mmoja wa Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, alinitengenezea vizimba kwa madebe ya mafuta ya kupikia. Wino haukunisumbua. Nchi ilikuwa imekosa sukari, chumvi na petroli, lakini wino wa mihuri haukukosekana hata siku moja.

Tulikaa mtaa wa Ngagara, katika nyumba ambayo baba aliipata alipokuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa mpimaji wa ardhi. Alikuwa amestaafu kabla ya vita, na tangu hapo alikuwa akizunguka uani akitafuta kitu cha kupima. Nilipomwambia kwamba kila kizimba kinahitaji kuonyesha kaskazini bila kukosea, niliona mgongo wake ukinyooka. Alitoa dira yake kwenye sanduku la bati, akapiga magoti kwenye simenti ya ua, na kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana hakutaka mtu amsemeshe. Alipomaliza, ua wetu ulikuwa na mistari ya rangi nyeupe iliyoelekea pande zote za dunia. Mama alisimama mlangoni na kikapu cha nguo mvua.

"Sasa nguo ntaanika upande gani?" aliuliza.

"Upande wowote," baba alisema, "ila usikanyage magharibi."

Kila asubuhi, amri ya kutotoka nje ilipoisha, nilitoa karatasi zilizochafuka na kubandika mpya. Baba alizipima kwa rula na kipimapembe, akatangaza matokeo kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwaita vibarua ng'ambo ya bonde. "Kusini-magharibi," alisema. Siku iliyofuata: "Kusini-magharibi tena." Hii ilinishangaza, kwa sababu vitabu vilitabiri kaskazini. Lakini mtafiti hawalazimishi ndege wake. Nikaandika kusini-magharibi.

Sauti ya baba ilivuka ua. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Uvira, mkimbizi kwa makaratasi na tajiri kwa mwendo, aliyenunua mawese kusini na kuyauza mjini. Asubuhi moja aliingia kwetu bila kubisha, kitenge kimefungwa kwa safari.

"Dada, izi ndege munazipaka wino ya nini?"

"Ili nijue zinataka kwenda wapi."

"Na zinajua?"

"Zinajua. Wakati ukifika zinahisi kwamba hapa hapatakaa vizuri tena."

"Zinahisi mbele ya watu?"

"Kabla ya watu, ndiyo."

Nilidhani namfundisha sayansi. Aliwatazama kware kwa heshima mpya.

"Leo zimeangalia wapi?"

"Kusini-magharibi," baba alijibu kabla yangu. "Upande wa ziwa."

"Si barabara ya Musaga?"

"Apana. Musaga ni huku," baba alisema, akamwonyesha kwa mguu mstari wa kusini-mashariki.

Mama yule alifungua kitenge cha safari, akakifunga cha nyumbani, akarudi kwake. Mchana ikasikika kwamba basi dogo ambalo lingembeba lilisimamishwa mbele kidogo ya Musaga na watu wenye bunduki, ambao hawakujitambulisha ni wa upande gani. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Abiria walirudi mjini kwa miguu, bila viatu, bila madumu ya mafuta, na mhasibu mmoja wa wizara alirudi bila suruali.

Kesho yake, amri ya kutotoka nje ilipoisha tu, kulikuwa na watu getini kwetu.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilisimama kwenye ngazi na kusema kwamba kware hawajui lolote kuhusu vita, wanajua mvua na mbegu za nyasi tu. Watu walinisikiliza kwa adabu, jinsi unavyomsikiliza mtu wa serikali anaposema hali ni shwari. Kisha wakamgeukia baba. Naye hakusema uongo, hilo lazima nilikubali. Alisoma tu kipimo chake. Mwalimu wa sekondari aliuliza kama ahamie Gitega. Karani aliuliza kama akubali kazi bandarini. Binti mmoja aliuliza kama mchumba aliyeko Kigoma anamaanisha. Baba alisema hilo la mwisho halimo kwenye kipimo, lakini Kigoma iko kusini, na kware hawako mbali sana na kusini. Binti akaondoka anatabasamu.

Siku nyingine, nikidhani ni kwa sababu ya mawingu, kware walikanyaga kila upande, karatasi ikawa nyeusi yote. Watu waliziita siku hizo "ndege hazijaelewana," kwa neno lilelile walilolitumia kwa mazungumzo ya amani waliyoyasikia redioni. Siku hizo mabasi ya kwenda mjini yaliondoka Ngagara nusu tupu, na msimamizi wa kiwanda kimoja cha sabuni, nilisikia, alikuwa amechoka kuambiwa na wafanyakazi kwamba walichelewa kwa sababu ya ndege.

Kisha kamati ya kartiye, yaani ya mtaa wetu, ikaomba kuniona. Wazee walikaa sebuleni, wakakubali chai, wakasifu vizimba. Mmoja wao, mstaafu wa forodha, ndiye aliyepewa kazi ya kusema.

"Mwanangu, tunauliza bila ubaya. Hawa kware walikamatwa wapi?"

"Bondeni, karibu na Gatumba."

"Wote?"

"Wote."

Walitazamana. Miaka ile hakuna aliyetaja kabila sebuleni kwa watu. Tulisema "upande ule" na "upande huu," na kila mtu alijua tunasema nini.

"Unaona," mzee alisema, "watu wanasema ndege wa mahali pamoja watatazama maslahi ya mahali pamoja. Hatusemi kwamba wanadanganya. Tunasema tu, ingefaa wawepo na wa milimani. Na wa kusini. Kwa usawa."

Nilitaka kucheka, lakini nilipofikiri niliona kwamba kitaalamu walikuwa wamesema kweli. Sampuli ya mahali pamoja ni sampuli mbaya, profesa alishanionya. Nilikuwa sina njia ya kufika milimani. Kamati ilikuwa nayo. Wiki hiyo nililetewa kware kutoka pembe zote za nchi, kwa vikapu, kwa mikono ya watu ambao wasingekaa benchi moja kanisani. Hakuna mradi wa utafiti katika eneo letu uliowahi kupata ushirikiano wa namna ile. Nilimwandikia profesa kwamba sampuli imeboreshwa. Alinipongeza na kuuliza nimefanyaje. Sikujua jinsi ya kuyaweka kwenye faksi.

Meja alikuja mchana mweupe, kwa gari la jipu. Alikaa nyumba ya kona, mwisho wa barabara yetu, na mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu. Watu getini waliyeyuka. Mama aliingia jikoni na hakutoka tena. Meja alivizunguka vizimba, mikono nyuma, akasoma mistari ya baba sakafuni, kisha akakaa kwenye kiti chetu kizuri.

"Madamu, mutu akijua barabara gani iko na shida kabla ya jeshi kujua, mi najiuliza: nani alimwambia?"

"Hakuna aliyewaambia, Meja. Hawajui kitu kuhusu barabara."

"Lakini ile siku ya Musaga?"

"Ilitokea tu."

"Na zile siku zingine?"

"Kware hawajui vita. Naweza kukuandikia."

"Usiandike," alisema upesi. Aliwatazama kware mmoja mmoja, kama anayekagua gwaride. "Sasa, kama hawajui kitu, kwa nini wanahangaika hivyo?"

Nilimweleza habari za msimu, mwanga na mvua. Alinisikiliza vizuri kuliko wengi wa walimu wangu. Mwisho akatoa uamuzi. Kuanzia siku ile, matokeo yasitangazwe kwa raia. Yatafika ofisini kwake kwanza.

Kila asubuhi, basi, alikuja askari mmoja kwa baiskeli. Hakuruhusiwa kuandika, kwa sababu za usalama, aliambiwa akariri. Baba alimtamkia, naye alirudia, kisha akapanda baiskeli na kuondoka huku midomo yake ikicheza: kusini-magharibi, kusini-magharibi. Tulikuwa tukimwona mpaka kona, akipita watoto wa shule bila kujibu salamu zao, asije akapoteza upande mmoja njiani.

Watu hawakuja tena kwetu. Hawakuwa na haja. Waliona kwamba sasa anayejua ni Meja, na kwamba Meja, akijua, kwanza atamwondoa mkewe. Kwa hiyo wakaacha kuwatazama kware wakamtazama mke wa Meja. Akienda sokoni, sawa. Akisuka nywele barazani, sawa kabisa. Mama muuza mawese aliniambia kwamba mara ile alipomwona anapanda maua mapya, aliagiza madumu mengine kwa moyo mweupe.

Ndipo Jumamosi moja mke wa Meja akatoka na masanduku. Masanduku makubwa, mengi, yakipakiwa na askari kwenye jipu, na watoto wamevaa viatu. Jipu likaelekea upande wa ziwa. Kusini-magharibi.

Sijui nani alianza. Nilikuwa nikiosha vyombo vya maji vya kware nikasikia magodoro yakikokotwa. Nilipofika getini, barabara yote ilikuwa nje: magodoro vichwani, masufuria, redio, jogoo, bibi mmoja mgonjwa kwenye toroli. Mzee wa forodha alikuwa amevaa suti yake ya Krismasi, kwa sababu, alisema, hujui utalala wapi. Mama tayari alikuwa amefunga mashuka.

"Mama, ndege hawajui kitu," nilisema.

"Najua," mama alisema. "Shika upande ule wa godoro."

Nikashika. Mimi, niliyekuwa nimesimama kwenye ngazi kuhubiri habari za mvua na mbegu za nyasi, nilifunga godoro langu kwa kamba ya vizimba vyangu mwenyewe, nikawatia kware kwenye vikapu viwili na kutoka. Baba peke yake alikataa. Alikaa kwenye kiti katikati ya mistari yake na kusema kwamba ameipima Ngagara kabla haijaisha kujengwa na hana mahali pengine anapopajua vizuri hivyo.

Tulifika kwenye barabara kubwa, askari wakatuzuia. Wao hawakuwa na habari yoyote, na walipotuona tumetoka wote na magodoro, na wao wakaanza kuogopa. Mmoja alimuuliza mzee wa forodha kwa sauti ndogo, "Muzee, kuna nini?" Mzee akamjibu kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunataka watuambie. Tukakaa juu ya magodoro yetu kando ya barabara, juani, saa nyingi. Mchungaji wetu, naye akiwa na godoro lake, aliona vikapu vyangu akaanza kueleza habari za jangwani, jinsi kware walivyoletwa kambini kwa upepo, mpaka mtoto mmoja akauliza kama waliliwa, na alipojibiwa ndiyo, watu kadhaa waligeuka na kuvitazama vikapu kwa macho ambayo sikuyapenda.

Alasiri jipu likarudi. Mke wa Meja alikuwa kiti cha mbele, amechoka, na maua ya karatasi kwenye nywele. Alikuwa ametoka kwenye harusi ya mdogo wake, katika hoteli moja ya ufukweni. Masanduku yalikuwa na sahani na vitambaa vya meza. Alisimamisha jipu, akatutazama tumekaa na magodoro kuanzia mwanzo wa barabara mpaka mwisho.

"Jamani, nani amefariki?" aliuliza.

Tuliinua magodoro. Tulirudi nyumbani, kila mtu akimwachia mwenzake apite mbele.

Baada ya hapo kware waliaibika. Askari wa baiskeli hakuja tena, Meja alirudi kutusalimu kwa kichwa, na mimi nikapata kile ambacho mtafiti hukiombea, yaani utulivu. Nilikusanya karatasi za msimu mzima na kumtumia profesa vipimo vyote. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema ndege wa sehemu zote hizo hawawezi kukubaliana juu ya upande mmoja ambao si wa kwao, na aliuliza swali moja: je, upande wa kusini-magharibi kuna taa?

Nilimwonyesha baba. Jioni ile umeme haukuwapo, kama kawaida, na mji ulikuwa mweusi kuanzia milimani mpaka ziwani. Tulipanda juu ya tangi la maji. Kulikuwa na taa moja. Ilikuwa juu ya bohari kule Zone Industrielle, ya kiwanda chenye grupu yake, kama tunavyoita jenereta, na ilikuwa inawaka peke yake katika mji mzima, sawasawa na mstari wa baba.

Kware wa milimani, wa bondeni na wa kusini, wote walikuwa wakiitazama taa ya kiwanda. Grupu ikizimwa, walikanyaga kila upande.

Baba alifumba jicho moja, akaipima taa kwa kidole gumba. Kisha akaanza kuwatetea. Grupu inataka mafuta yake, mazuti, alisema. Mazuti inakuja kwa barabara. Taa ikiwaka, maana yake lori limefika. Kwa hiyo ndege walikuwa na habari.

"Baba, walikuwa wanaangalia taa."

"Sikatai. Nasema tu hawakuwa wajinga."

Nilipomweleza mama muuza mawese, hakushangaa wala hakukasirika. Aliniuliza kiwanda ni kipi, na tangu siku hiyo akawa anapita kwanza kumsalimia mlinzi wa pale kabla ya kupanga safari zake.

Bonde lilipofunguliwa kidogo, mimi na baba tuliwapeleka kware kwenye nyasi ng'ambo ya bariyeri ya mwisho. Askari wa kizuizi hicho alifunua kikapu, akauliza tunawapeleka wapi. Baba alisema kwao. Askari akauliza kwao ni wapi. Baba alifungua mdomo, kisha akaonyesha bonde zima kwa mkono. Tulipowafungulia hawakuruka. Walitoka wakitembea, wakakimbilia majani, kila mmoja na njia yake.

Tasnifu ilibadilishwa kichwa. Haikuwa tena juu ya safari za kware bali juu ya namna mwanga wa taa unavyowapotosha ndege wanaohama, na wenye kujua walisema ni bora kuliko ile ya kwanza. Ndege za abiria ziliporudi nilikwenda kuitetea. Katika jopo kulikuwa na mzee mmoja aliyependa sana mbinu zangu. Alisema wao kwao wameshindwa miaka mingi kufanya jaribio kama hilo, kwa sababu usiku wao una taa kila mahali. Akaniuliza niliwezaje kupata mji mzima uliozimwa, wenye taa moja tu, kwa msimu mzima.

"Haikuwa rahisi," nilisema.

Aliandika jibu langu. Waliponitangaza daktari nilishuka kwenye kibanda cha simu na kupiga nyumbani. Mama alipokea. Nikamwambia nimepita. Alisema Mungu asifiwe, baba yuko kwa mzee wa forodha wanacheza karata, leo milimani kulikuwa na milio lakini imenyamaza. Akauliza kama huku kuna baridi na kama nimekula. Nilisema nimekula, na laini ikakatika.